Mteja haanzi na shuka, anaanza na kitanda

Najua nimepotea muda mrefu, na kuna wenzangu wameshaanza kuulizana kama nimeolewa kimya kimya. Hapana jamani. Nilibanwa na mambo mawili: majaribio ya katikati ya muhula, na duka. Majaribio yamekwisha na hayana habari ya kusimulia. Leo nawaletea ya duka, maana humo nimejifunza ualimu kuliko nilivyotegemea, na nadhani hata nyie wa uhasibu na sheria mtaambulia kitu.

Duka lenyewe si langu. Ni la dada yake mwenzangu ninayekaa naye chumba kimoja hosteli. Sote tunamwita Dada Mkubwa. Ana fremu ndogo Kariakoo, anauza mashuka. Mwenzangu kwenye mkopo alipata asilimia ndogo, kwa hiyo ada iliyobaki inatoka kwenye hayo mashuka (ameniruhusu niseme, msimwangalie kwa huruma mkikutana naye kantini). Sasa mwaka jana Dada alimlipa kijana mmoja amtengenezee duka la mtandaoni. Miezi mitatu ikapita. Watu wanaingia, wanaangalia, wanatoka. Oda zilizoingia ni tatu, na moja ilikuwa ya shangazi yao.

Kodi ya fremu ikapanda. Dada akatuita akasema, "Wadogo zangu, muhula ukiisha hali ikiwa hii hii, hilo duka la kwenye simu nalifunga. Hela ninayolilipia niiongeze kwenye kodi." Mwenzangu akauliza, "Na ada, dada?" Akajibiwa, "Ada tutaona." Mnaijua "tutaona" ya mkubwa inavyokuwaga.

Ndipo tukaomba tupewe nafasi ya kulipanga upya. Yeye anasoma kompyuta, mimi nasoma ualimu. Yeye anajua namna ya kukisogeza kitufe, mimi nilitaka kujua kisogee kwa sababu gani.

Ngoja niwaeleze lilivyokuwa. Ukifungua unakutana na picha kubwa ya kitanda cha hoteli, maua juu yake, halafu picha inabadilika yenyewe kila baada ya sekunde chache huku inakula bando lako. Chini yake kuna makundi: Malkia, Fahari, Upepo wa Bahari, Usiku wa Zanzibar. Majina matamu, lakini nani anaamka asubuhi akasema leo nahitaji Upepo wa Bahari? Bei huioni mpaka ubonyeze. Ukubwa unauuliza mwishoni, ukishachagua rangi. Na kabla ya kulipa unaambiwa ujiandikishe: jina, barua pepe, neno la siri, rudia neno la siri, tarehe ya kuzaliwa. Tarehe ya kuzaliwa! Shuka linautakia nini umri wangu?

Nilipoangalia vizuri nikaona tatizo si rangi wala maandishi. Lile duka lilipangwa kama daftari la muuza duka: mzigo umeingia kwa makundi haya, basi na mteja apite kwenye makundi haya haya. Sisi huku darasani tunaambiwa kila siku kwamba andalio la somo linaanza na mwanafunzi, anajua nini tayari na kinachomtatiza ni nini. Nikajiuliza, andalio la somo la mnunuzi wa shuka linaanza wapi?

Jibu tukalifuata Kariakoo. Jumamosi nzima tulikaa kwenye kibenchi ndani ya fremu na daftari, hatuuzi, tunasikiliza tu. Akaja mama mmoja wa makamo.

"Shikamoo mama, karibu."

"Marahaba mwanangu. Sita kwa sita unazo?"

Hakuanza na rangi. Alianza na kitanda chake. Akapewa moja, akalisugua kwa vidole, akalikunja na kulikunjua. "Halichuji hili?" Akaambiwa ni pamba, halichuji. "Ndani mna nini?" Shuka mbili, foronya mbili. "Bei?" Akatajiwa. "Mwisho?" Akapunguziwa. Hapo sasa ndipo akauliza rangi, eti apewe isiyoonyesha uchafu, ana wajukuu. Na kabla hajatoa hela: "Nikifika nyumbani likakataa kuenea je?" Dada akamwambia, "Lirudishe mama, usilifue tu."

Tuliandika wateja wote wa siku ile. Mpangilio ulikuwa karibu ule ule: ukubwa, kitambaa, vilivyomo, bei, rangi, na mwisho "ikitokea hivi je?" Kuna Mmarekani mmoja, Herbert Simon, aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978, ambaye miaka ya hamsini alieleza kwamba binadamu mara nyingi hatafuti kitu bora kuliko vyote, maana hana muda wala uwezo wa kulinganisha kila kitu. Anakuwa na masharti yake kichwani, akikutana na kitu kinachoyatimiza, anasimama hapo. Yule mama ndivyo alivyofanya. Hakutafuta shuka zuri kuliko yote Kariakoo. Alikuwa na masharti sita, na kila jibu la Dada lilimsogeza hatua moja.

Tofauti ni hii: dukani, shaka inatoka mdomoni na muuzaji anaijibu. Kwenye simu, shaka haisemwi. Mteja anaondoka nayo.

Kabla ya kugusa chochote tukafanya jaribio. Jakob Nielsen, Mdenmark aliyebobea kwenye mambo ya namna watu wanavyotumia tovuti, aliandika mwaka 2000 kwamba ukiwaketisha watu watano tu na kuwatazama wakiitumia, unaona sehemu kubwa ya matatizo yake, kwa hesabu yake kama asilimia 85. Masharti ni kwamba wafanye kazi ya kweli, na wewe ufunge mdomo. Jamani, kwa mwalimu mtarajiwa kufunga mdomo ni adhabu!

Tukawapata watano: binti wa mwaka wa kwanza, mama wa kantini, babu mlinzi wa hosteli, dada wa saluni, na kaka mmoja anayejiandaa kuoa. Kila mmoja tulimpa simu tukamwambia, "Nunua shuka la kitanda chako." Basi.

Mama wa kantini aliitazama ile picha kubwa akauliza, "Hiki kitanda mnauzaje?" Binti wa mwaka wa kwanza alitafuta shuka la kitanda cha hosteli, akafungua kurasa saba moja moja, ya nane akasema bando lake halijaletwa na mjomba. Kaka mchumba alifika mwisho kabisa, akaona gharama ya kumfikishia mzigo imejitokeza pale pale kwenye kulipa. Akasema "kumbe!" akarudisha simu. Dada wa saluni aliuliza swali moja tu: "Nitajuaje kama hawa sio matapeli?" Na babu mlinzi alipofika kwenye kujiandikisha akanitazama kwa masikitiko: "Mjukuu wangu, mimi nilitaka shuka, hawa wanataka kuniingiza jeshini."

Tulicheka sana, lakini usiku hatukucheka. Watu watano, mashaka matano, na hakuna hata moja lililohusu uzuri wa shuka.

Kazi ikaanza. Picha ya hoteli tukaiondoa. Sasa ukifungua unakutana na swali moja: Kitanda chako ni futi ngapi? Chini yake kuna vitufe: 3 kwa 6 (tumeandika pembeni "vingi vya hosteli"), 4 kwa 6, 5 kwa 6, 6 kwa 6. Na cha tano: Sijui. Hicho cha Sijui nilikipigania mimi, kwa sababu darasani asiyejua ndiye anayenyamaza. Ukikibonyeza unaelekezwa kupima kwa futikamba, na kama huna, kwa shibiri: kwa mkono wa mtu mzima, shibiri nne ni kama futi tatu, nane ni kama futi sita. Ni makadirio, ila yanatosha kutofautisha tatu na nne.

Hapa mimi na mwenzangu tulibishana. Yeye alitaka tupunguze mzigo wenyewe, tuonyeshe aina sita tu za mashuka, kwa sababu ya lile jaribio maarufu la jemu. Kama hamlijui: Sheena Iyengar na Mark Lepper walichapisha mwaka 2000 utafiti uliofanyika kwenye duka moja la vyakula California. Kuna wakati walipanga mezani aina 24 za jemu watu waonje, na wakati mwingine aina 6. Meza ya 24 ilivutia watu wengi zaidi kusimama, lakini walionunua ni kama 3 katika 100. Meza ya 6 walinunua kama 30 katika 100. Watu wakahitimisha kwamba chaguo nyingi zinamchosha mteja.

Mimi nikamwambia asiishie hapo. Mwaka 2010 Scheibehenne na wenzake walikusanya majaribio 50 ya aina hiyo wakayajumlisha, na kwa wastani athari ikawa karibu na sifuri. Kuna mahali wingi uliumiza, kuna mahali ulisaidia. Mwaka 2015 Chernev na wenzake wakaonyesha kwamba wingi unaumiza zaidi pale mtu asipojua anachotaka, au vitu vinapokuwa vigumu kulinganisha. Kwa hiyo shida si wingi wa mashuka ya Dada. Shida ni kumwaga mashuka yote mbele ya mtu bila kumsaidia kujua anatafuta nini. Dada ana aina zaidi ya arobaini. Ukijibu swali la kitanda zinabaki chache, na hakuna hata moja iliyotupwa. Mwenzangu akakubali, ila alinuna mpaka jioni.

Hatua ya pili ilikuwa chini ya kila picha. Tuliandika kwa mpangilio wa yule mama: kitambaa, vilivyomo, bei, na bei ya kufikishiwa pale pale, si mwishoni. Picha tukazipiga upya juani, shuka limekunjwa na mkono umelishika, ili uone uzito wake. Lakini swali la kuchuja hatukuweza kulijibu kwa picha. Tukachukua ndoo, sabuni na kitambaa cheupe, tukafua mfano wa kila aina nyuma ya hosteli, watu wakidhani tumefungua kampuni ya dobi. Aina mbili zilichuja.

Dada hakufurahi. "Sasa mkiandika linachuja, nani atanunua?" Mwenzangu akanyamaza, maana ni dada yake na ni ada yake. Mimi nikasema kwa adabu, "Dada, mteja akija dukani akakuuliza, unamjibuje?" Akafikiri. Akasema, "Namwambia alifue peke yake mara mbili za kwanza." Basi tukaandika hivyo hivyo, maneno yake mwenyewe.

Hatua ya tatu ni kujiandikisha. Kuna kisa kilichoandikwa na Jared Spool mwaka 2009 ambacho wabunifu wa tovuti wanakipenda sana. Duka moja kubwa la mtandaoni, hakulitaja jina, lilikuwa linamsimamisha mteja mwenye kapu lililojaa na kumtaka aingie kwenye akaunti au ajiandikishe ndipo alipe. Wateja wapya walichukia. Wa zamani nao hawakukumbuka walitumia barua pepe ipi na neno gani la siri, na wengine walikuwa wamejiandikisha mpaka mara kumi. Suluhisho likawa kukiondoa kitufe cha kujiandikisha, kuweka cha Endelea, na sentensi fupi ya kusema si lazima uwe na akaunti ili ununue. Kwa maelezo ya Spool, wateja waliokamilisha manunuzi waliongezeka kwa asilimia 45, na mwaka wa kwanza duka lile liliingiza nyongeza ya dola milioni 300. Kitufe kimoja! Sisi tumebakiza vitu vitatu tu: jina la kukuita, namba ya simu, na mahali ulipo. Tarehe ya kuzaliwa kaa nayo mwenyewe.

Hatua ya nne ni swali la dada wa saluni, na hili ni la kwetu hasa. Nchi ambayo kila mtu amewahi kupata ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", huwezi kumlaumu mtu akiogopa kutanguliza pesa. Tumeweka picha ya fremu kwa nje, mtaa ilipo, na namba ya Dada anayopokea mwenyewe. Kwa walio Dar unalipa ukishalishika shuka mkononi. Na lile "lirudishe, usilifue tu" tumeliandika karibu kabisa na bei, maana shaka hiyo inakuja pale pale mtu anapotaka kutoa hela, haisubiri ukurasa wa masharti ambao hakuna anayeusoma.

Nilidhani tumemaliza. Ikaja hatua ya tano, na hapa ndipo moyo ulipodunda.

Dada aliona kwenye maduka mengine ya mtandaoni maandishi mekundu: ZIMEBAKI 2 TU! Na saa inayohesabu kurudi nyuma. Akasema nasi tuweke. "Hata kama zipo hamsini?" "Hata kama zipo mia. Nyie watoto hamjui biashara. Mtu asipokimbizwa hanunui."

Na si mwongo, inafanya kazi. Ndiyo maana ni tatizo. Mwingereza Harry Brignull aliziita hila hizi kwa jina lao mwaka 2010, na mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walipekua tovuti za maduka kama 11,000 wakakuta hila zaidi ya 1,800 za namna hiyo, zikiwemo saa ambazo zikifika sifuri punguzo bado lipo, na hesabu za mzigo uliobaki zilizotungwa tu. Wakubwa nao hawajasalimika. Mwaka 2023 tume ya biashara ya Marekani iliishtaki Amazon kwa kuwaingiza watu kwenye huduma ya Prime bila ridhaa ya kweli na kuwawekea safari ndefu ya kujitoa. Septemba 2025 kampuni ikakubali kulipa dola bilioni 2.5, huku ikisema siku zote ilifuata sheria.

Sikumtajia Dada mabilioni hayo. Nilimwambia jambo moja. Kila tulichobadilisha mpaka hapo kilikuwa jibu la swali ambalo mteja analo kweli: litaenea? linachuja? bei gani? nikikosa je? Ile saa haijibu swali lolote. Inamzuia asiulize. Na ujuzi ni ule ule jamani. Ukishajua mtu anaamuaje, unaweza kumwashia taa pale anaposita, au unaweza kumsukuma pale pale anaposita. Mwalimu naye anajua vizuri mno mwanafunzi anaogopa wapi.

Mwenzangu, ambaye siku zote anamwogopa dada yake, ndiye aliyemaliza. Akasema, "Dada, siku mama yetu akinunua shuka kwenye simu, unataka akimbizwe?" Kimya. Halafu Dada akasema, "Haya. Wekeni idadi ya kweli." Sasa zikibaki mbili imeandikwa mbili, zikiwa hamsini hakuna maandishi.

Mtauliza matokeo. Wiki sita, oda 19. Si milioni 300 za dola, lakini shangazi hayumo hata mara moja! Niseme ukweli pia: wiki hizo wanafunzi wapya walikuwa wanaingia hosteli, na 3 kwa 6 zimeondoka kuliko nyingine zote, kwa hiyo siwezi kuwaapia kwamba ni mpangilio peke yake. Waliorudisha ni wawili. Moja ya zile aina zinazochuja imenunuliwa mara tatu, na hakuna aliyelalamika. Dada ameliongezea duka muhula mmoja. Ada ya mwenzangu imelipwa nusu, nusu nyingine bado iko kwenye "tutaona", na hatujui kama oda zitaendelea wapya wakishatandika vitanda vyao.

Mimi nimebaki na kile kitufe cha Sijui. Mwenzangu aliangalia, akaniambia kinabonyezwa kuliko nilivyodhani. Wapo watu wengi wanaotaka kununua, hela wanayo, na wanaona aibu kuuliza futi. Mwezi wa saba tunaenda mazoezi ya kufundisha, na nimeshaanza kuwaza kitufe hicho kwenye darasa la watoto themanini kitakaa wapi. Mwenye wazo aniambie.

Haya wadau, ngoja niwahi maktaba kabla viti havijaisha. Na kama kitanda chako ni futi tatu, unajua pa kuniona. Tuko pamoja!